Kioo cha Mlango wa Dereva



Usiku mmoja wa masika, kioo cha mlango wa dereva wa gari letu kiligoma kupanda. Tulikuwa tumetoka kusomesha baina ya Magharibi na Isha, tukakishusha ili tumsalimie jirani, na tulipobonyeza kitufe kukirudisha juu hakikuitika. Hakikulia wala hakikutikisika. Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Tulikuwa tumeufunika mlango kwa nailoni na kamba, lakini upepo wa kusi haukuiheshimu kamba yetu. Asubuhi tulikikuta kiti kimelowa chepechepe, na daftari za wanafunzi tulizozisahau juu yake zimevimba, wino umetambaa ukurasa hadi ukurasa.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la aina hii ambayo hushuka bandarini kwetu ikiwa imekwisha tumika miaka kadhaa kwao. Sisi ni wa tatu kulimiliki hapa nchini. Tulikulia katika zama za vioo vya kuzungusha kwa mkono. Na kioo cha namna ile kilipoharibika, ubovu wake ulionekana kwa macho, mkono ulizunguka bure na kioo kikabaki pale pale. Cha umeme hakimwambii mwenyewe kitu. Hunyamaza tu.

Tulilipeleka kwa fundi mmoja huko Kisauni, kijana wa miaka thelathini na ushei. Jina lake hatutalitaja, maana ndimi zetu zimekwisha litaja zaidi ya haja. Aliufungua mlango, akapima, akasema mota imekufa. Bei yake ilikuwa shilingi 4,500, mota na kazi pamoja, tukaridhia. Siku ile tulikuwa na ndoa ya kufungisha baada ya Alasiri, nasi tulimsimamia huku tukitazama saa kila baada ya dakika mbili. Alipomaliza, kioo kilipanda na kushuka vizuri kabisa. Akawa anatueleza jambo ilhali sisi tumekwisha keti kwenye usukani na gari linanguruma. Tukamwitikia "inshallah, inshallah", kama aitikiavyo mtu asiyesikiliza, tukaenda zetu.

Baada ya siku kumi na mbili kioo kikafa tena. Mara hii kilifia juu, kimefungwa, na kipoza hewa cha gari letu kilikwisha staafu tangu zamani. Anayeijua Mombasa saa nane za mchana ataelewa hali yetu ya nafsi.

Jioni ya siku ile tulikuwa barazani baada ya Isha, kahawa ikizunguka. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini leo tumefungua mlango mzima ili kumpa mkono. Tukaeleza. Lau tungeishia kwenye kueleza, makala haya yasingeandikwa. Tukaendelea. Tulisema kwamba yule kijana ametutilia mota ya kuokota, kwamba ile ya kwanza huenda ilikuwa nzima naye ameiuza, na kwamba mafundi wa siku hizi hawana hofu ya Mungu. Walikuwapo watu sita au saba. Mmoja wao ana tuktuk tatu zilizokuwa zikitengenezwa kwa kijana huyo huyo. Alitikisa kichwa akasema, "Sheikh, afadhali umenambia."

Sasa, maneno ya hasira ya mtu wa kawaida huyeyuka pamoja na mvuke wa kahawa. Ya mtu aliyetoka kuwasalisha watu hao hao nusu saa iliyopita hayayeyuki. Hilo twalijua, na usiku ule tulilijua pia.

Tukaazimia kuifanya kazi ile wenyewe, nyumbani. Tulinunua mota nyingine iliyotumika, kwa shilingi 2,500, na Jumamosi baada ya Adhuhuri tukaliegesha gari uani chini ya mwarobaini. Mama watoto alitutazama dirishani akatuambia tuvue kanzu kwanza. Hatukumsikiliza. Binti yetu, aliye kidato cha tatu, akaja na bisibisi mkononi akauliza kama tunataka msaada. Tukamwambia atushikie taa.

Kwa faida ya msomaji ambaye naye ana kioo kilichogoma, tutaeleza kazi yenyewe ilivyo. Binti aliuliza kwanza habari za fyuzi. Vioo vingine vitatu vilikuwa vikifanya kazi, navyo katika gari letu hushirikiana na hiki katika fyuzi moja, basi hilo likaondoka. Tukachomoa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mtoto mdogo tulimwondoa uani kabisa, kwa kuwa kioo cha umeme hakitofautishi baina ya mpira wa mlango na kidole.

Mlango kwa ndani umefunikwa kwa ubao wa plastiki ambao skrubu zake hujificha. Moja ilikuwa nyuma ya kishikio cha ndani, chini ya kifuniko kidogo kama ukucha, na nyingine ndani ya shimo la kuvutia mlango. Zikishatoka, ubao hubaki umeshikwa na vibano vya plastiki pembezoni. Hivi hung'olewa kuanzia chini, kimoja baada ya kimoja, kwa kitu kisichochubua. Sisi tulitumia mwiko mdogo wa mbao kutoka jikoni, na kosa hilo bado halijasamehewa. Vibano viwili vilikatika. Plastiki iliyokaa miaka mingi katika joto la pwani hukatika kama biskuti, na mwenye busara hununua vichache vya akiba kabla ya kuanza. Kisha ubao huinuliwa juu utoke kwenye ukingo wa kioo, na nyaya za swichi huchomolewa kwenye soketi zake.

Nyuma ya ubao ule kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Wengi hudhani ni takataka ya kiwandani, wakaichana na kuitupa. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo, nalo ni jambo la kawaida, kwani mlango una matundu chini ya kuyatoa. Nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja miguuni mwa dereva. Tuliikuta imerudishwa kwa uangalifu, pembe zote zimekandamizwa, hakuna ilipochanika. Jambo lile peke yake lingetosha kutusemesha juu ya mtu aliyeufungua mlango ule kabla yetu. Lakini mikono yetu ilikuwa imejaa gundi, na kanzu nayo, na tulikuwa tukitafuta ushahidi wa upande mmoja tu.

Ndani yake ikaonekana mota, ukubwa wake kama ngumi, na mikono miwili ya chuma iliyopishana kama mkasi, ambayo ndiyo hukiinua kioo. Mota hulizungusha gurudumu la meno kwa kijiti chenye nyuzi kama za parafujo. Kwa sababu hiyo mota hukisukuma kioo, ila kioo hakiwezi kuisukuma mota, na mwizi akikikandamiza kwa viganja hakimpi njia. Pana pia springi yenye nguvu inayosaidia kukibeba kioo. Anayeondoa mota bila ya kuibana mikono ile huweza kupigwa vidole kwa ghafla, basi hapo pana haja ya kwenda taratibu.

Tulibandika utepe mpana juu ya kioo, kutoka upande mmoja wa mlango hadi wa pili, kisije kikaporomoka, tukachukua spana ya namba 10 tufungue boliti.

"Baba," akasema binti, "kabla hujaifungua, si tuijaribu kwanza hii uliyoinunua?"

Tukarudisha waya wa betri na soketi ya swichi, tukaichomeka mota mpya kwenye waya wa mlango huku tumeishika mkononi, tukabonyeza kitufe. Kimya.

Wasomaji wetu, tutawaambia ukweli. Neno la kwanza lililotutoka ni kwamba aliyetuuzia mota hii naye ni mwizi.

Binti hakujibu. Alikata vipande viwili vya waya, akaunganisha fyuzi ndogo katika kimoja, akavivuta kutoka kwenye betri hadi kwenye mota ile. Ikazunguka. Akavigeuza nyaya, ikazunguka kinyume. Akatueleza kwamba mota hii haina akili ya kujua juu na chini. Umeme ukiingia kwa waya huu na kutokea kwa ule, huzunguka upande mmoja, na ukigeuzwa, huzunguka upande wa pili, na kazi ya swichi ni kugeuza tu. Sisi tuliosomeshwa nahau na fiqhi tulitulia tukamsikiliza. Kisha akavipeleka vile vipande kwenye mota iliyokuwamo mlangoni, mota ya yule kijana, na kioo kikashuka kikiuvuta utepe wetu.

Ilikuwa nzima. Zote mbili zilikuwa nzima.

Akachukua taa ndogo ya kupimia umeme, akaichomeka kwenye soketi ya mota, akatuambia tubonyeze. Haikuwaka. Mlango ulikuwa nusu wazi, umezuiwa na kigoda tulichokalia. Akakisogeza kigoda apate kupita, mlango ukafunguka wote, na taa ikawaka. Akaurudisha, ikazimika. Akaufungua, ikawaka. Alifanya hivyo mara tano au sita, wala hakusema kitu, na hapakuwa na haja.

Baina ya mlango na mwili wa gari, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo, na nyaya zote za mlango hupita ndani yake. Hesabuni mlango wa dereva hufunguliwa mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na kila mara nyaya zile hukunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale. Tuliuvuta mpira nyuma. Waya mmoja ulikuwa umekatika kabisa ndani ya ngozi yake. Mwingine umebakiwa na nyuzi mbili tatu, na shaba yake imegeuka kijani kwa chumvi ya hewa yetu. Ngozi ya waya ilionekana salama kwa nje. Asiyeupinda kwa vidole hajui.

Tukaenda kwenye buti kutafuta utepe wa umeme. Kando ya jeki palikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Tukakifungua. Ilikuwa mota yetu ya kwanza, kutu imeitoka hadi kwenye shingo. Binti akaigusisha nyaya za betri kwa upande huu na upande ule. Haikushtuka.

Hatukuwa na la kusema. Tuliunga waya kwa kuusokota na kuuzungushia utepe, kioo kikafanya kazi, tukarudisha nailoni na ubao. Binti aliuliza kama tumefurahi. Tukamwambia ndiyo, ahsante sana mwanangu, tukaingia ndani kuoga.

Tumeisomesha mara nyingi tofauti ya gheiba na buhtani: kumtaja mtu kwa aibu aliyonayo, na kumzulia asiyokuwa nayo. Tumewaeleza vijana kwamba haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake mpaka mwenye haki asamehe. Twaijua milango yake na vifungu vyake. Usiku ule hatukuhitaji kufungua kitabu, na usingizi ulichelewa.

Jumapili asubuhi tulikwenda Kisauni. Tulimkuta chini ya gari la mtu, miguu yake ikionekana. Tulimngoja atoke. Alipotuona alisimama, akapangusa mikono, akatoa salamu kwa adabu kama kawaida yake, lakini hakutusogelea. Tukajua kwamba habari imemfikia.

Tulimuuliza, "Siku ile tulipokuwa tukiondoka, ulituambia nini?"

"Nilikwambia, Maalim, mota nimeitia na kioo kinakwenda, lakini waya wa mlangoni umechoka. Nikasema niletee gari Jumatatu niubadilishe, sitakutoza kitu. Na mota ya zamani nimekuwekea kwenye buti, uione. Ukaniambia inshallah."

Tukamweleza tuliyoyasema barazani, yote, pamoja na lile la kuuza mota. Tulitaka kulipunguza kidogo, tukajizuia. Tukamtaka radhi. Alitazama chini muda mrefu, akiusugua weusi kwenye kidole gumba.

"Nimekusamehe, Maalim. Mbele ya Mungu sina deni nawe." Kisha akasema, bila ya ukali, "Ila yule bwana wa tuktuk hajaja tena. Zile tatu ndizo zilizokuwa zikinilipia kodi ya hapa. Na mimi siwezi kwenda barazani kwenu kujitetea. Nitaanzia wapi?"

Usiku wa siku ile tulikwenda sisi. Tulingoja mpaka watu wametimia, hata yule mwenye tuktuk, tukasema kwamba tulilolisema juu ya fundi yule lilikuwa uwongo, kwamba mota aliyotutilia ni nzima, kwamba alitutahadharisha nasi hatukusikiliza. Tulikuwa tumedhani kwamba hilo ndilo gumu. Watu walilipokea kwa wepesi ulioturudisha nyuma. Mmoja alicheka akasema, "Sheikh, wewe una roho nzuri mno, unamsitiri kijana wa watu." Tukarudia kwamba hatumsitiri, kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wakaitikia kwa kichwa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga. Tuhuma ilikuwa imeingia mara moja kama maji kwenye mchanga. Kuitoa tulihitaji kila mmoja kivyake, na hata sasa hatuna hakika.

Mwenye tuktuk tumemwendea mara mbili nyumbani kwake. Mara ya kwanza alisema atafikiri. Mara ya pili alituambia amekwisha zoeana na fundi mwingine, wala hana ubaya na yeyote. Ni haki yake, hatuwezi kumlazimisha. Na kwa kuwa twajua kwamba maneno yetu yalitoka barazani yakafika majumbani, kwa watu ambao hatutawaona uso kwa uso, tumemwomba mhariri atupe nafasi hii. Aliyesikia kwamba sheikh fulani aliibiwa na fundi wa Kisauni, basi sheikh huyo ni sisi, na hatukuibiwa.

Jumatatu tulilipeleka gari, siku ile ile aliyoitaja, ila wiki kadhaa baadaye. Aliuvuta mpira wa mlangoni, akakitazama kiungo chetu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Nani amefunga hii?"

"Sisi."

"Na aliyegundua?"

"Binti yetu."

"Nilidhani," akasema.

Akatuonyesha makosa mawili. Utepe ule, kwa jua la huku, gundi yake huyeyuka baada ya miezi, ukateleza na kuuacha waya uchi. Na kiungo tulikiweka mahali penye mkunjo, pale pale palipokatikia. Kingeshika wiki chache tu. Aliukata waya mbovu wote kupita mpira pande mbili, akatia kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, akaviweka viungo mbali na mkunjo, kimoja ndani ya mlango na kimoja ndani ya mwili wa gari, akavichoma kwa risasi na kuvivika mpira mwembamba unaosinyaa kwa moto. Ilimchukua saa nzima. Hatukutazama saa.

Tulimuuliza ni kiasi gani.

"Siku ile ingekuwa bure, Maalim. Leo ni mia tatu."

Tukampa shilingi 300, akazipokea. Tukaketi kwenye usukani, tukawasha gari, tukashusha kioo ili tumuage. Akainama dirishani akaanza kusema jambo juu ya mlango wa upande wa pili, kwamba nao mpira wake ameuona una dalili hizo hizo. Tukazima gari tumsikilize.